Sura ya Sita: Taa za Jukwaa na Njia ya Hewani

Yeyote aliyesimama Kibirizi au Katonga usiku wa giza, mwezi haujachomoza na wavuvi wa dagaa wamekwisha tawanyika ziwani, ameona safu ya taa ndefu kuliko ya jukwaa lolote lililopata kujengwa Kigoma. Na katika safu hiyo kila taa ina watu wake, walioketi chomboni karibu nayo, wanaoiwasha, kuitunza na kuizima kwa mikono yao, bila ya kungoja amri kutoka mbali. Jukwaa la muziki halina bahati hiyo. Taa zake, hata zikiwa ishirini tu, hufungwa juu ya vyuma ambavyo hapana mtu awezaye kuvipanda onyesho likiisha kuanza, ilhali fundi anayezitawala sharti akae mbali nazo, nyuma ya watazamaji, ili aone kile wanachokiona wao. Baina ya kidole chake na taa pana uwanja mzima, na namna ya kuuvuka uwanja huo bila ya hiyana ndiyo maudhui ya sura hii.

Hoja yangu naiweka mbele tangu sasa, ili msomaji apate kuipima kwa kila hatua. Mtandao wa taa usiotumia waya hujengwa kwa ajili ya saa 3 usiku, wakati umati umesimama katikati ya njia ya mawimbi na kila mmoja ana simu mfukoni. Na fundi aliyeujaribu saa 10 alasiri, uwanja ukiwa mtupu na kila taa ikitii kama ilivyoamriwa, bado hajaujaribu. Karibu kila hitilafu nitakayoitaja humu ina asili yake katika tofauti ya saa hizo mbili, na karibu kila dawa yake ni kazi ya kufanywa mapema, kabla ya milango kufunguliwa.

Mahali panapofaa kwa mfano ni Uwanja wa Lake Tanganyika, ambao kwa siku nyingi za mwaka ni wa kandanda na kwa siku chache ni wa matamasha. Tangu mwaka 2012, wasanii wenye asili ya mkoa huu, wakiwamo Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex, walipojikusanya kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo wa Leka Dutigite, watu wa hapa wana haki ya kutazamia kwamba watoto wao wanaomulikwa vyema kwenye majukwaa ya Dar es Salaam na ya ng'ambo watamulikwa vivyo hivyo nyumbani. Walakini uwanja wa mpira haukujengwa kwa ajili ya taa. Jukwaa husimamishwa upande mmoja, meza ya fundi huwekwa umbali wa mita 50 au 60 mbele yake, na nafasi iliyo katikati ndiyo ile ile ambayo watu watajaa. Nyasi za uwanja hazichimbwi ili kufukiwa waya. Waya uliolazwa juu ya ardhi hukanyagwa, hukwaza watu, na wakati mwingine hung'olewa na mtu asiyekuwa na nia mbaya yoyote. Na kuuzungusha ukingoni mwa uwanja kwahitaji kebo ndefu mara nyingi kuliko ile ambayo fundi wa mkoani anayo sandukuni. Hapo ndipo watu huikimbilia hewa.

Lugha ambayo taa hizi huielewa iliwekwa mwaka 1986 na chama cha wanafani wa majukwaa cha Marekani kiitwacho USITT, ikapewa jina la DMX512, ikarekebishwa mwaka 1990, na mwaka 2004 ikathibitishwa kuwa kanuni rasmi. Uzuri wake ni wepesi wake. Waya mmoja hubeba orodha ya thamani 512, kila moja ikiwa namba baina ya 0 na 255, zikifuatana moja baada ya moja kwa kasi ya biti 250,000 kwa sekunde, na orodha nzima hurudiwa takriban mara 44 katika kila sekunde. Taa iliyopewa anwani 101 huhesabu hadi ya 101, ikachukua zilizo zake, ikaziacha nyingine zipite. Haijibu. Haisemi kwamba imepata wala kwamba imekosa. Katika waya tabia hiyo haidhuru, kwa kuwa amri moja ikiharibika nyingine hufika baada ya milisekunde 23 hivi, na jicho la mwanadamu halina habari ya kilichotukia. Lakini mtu akiihamishia hewani lugha isiyokuwa na majibu, sharti ajue kwamba amehamisha na upungufu wake.

Kabla ya kwenda hewani, hata hivyo, naomba tukae kidogo na waya, maana makosa mengi yanayosingiziwa mawimbi huzaliwa humo. Kanuni yataka taa ziungwe kwa mnyororo, ya kwanza kwa ya pili na ya pili kwa ya tatu, zisizidi 32 katika mnyororo mmoja, na tundu la kutokea la taa ya mwisho lizibwe kwa kizibo maalumu. Kizibo chenyewe fundi aweza kujitengenezea mezani: achukue plagi ya pini tatu, aifungue, na baina ya pini ya pili na ya tatu alehemu kizuizi cha umeme cha ohm 120, kijiti kisichozidi punje ya mchele kwa urefu, chenye mikanda ya rangi ya kahawia, nyekundu na kahawia tena, halafu afunge. Bila ya kitu hicho kidogo, ishara ikifika mwisho wa waya hugonga na kurudi nyuma, ikagongana na zinazokuja, na taa zikaanza kutetemeka au kugeuka zenyewe pasipo amri. Nimeona mafundi wakibadilisha ruta, wakibadilisha chaneli, wakilaumu simu za watazamaji, ilhali kisa chote kilikuwa ni tundu lililoachwa wazi katika taa ya mwisho upande wa kushoto.

Na iwapo waya waweza kupita, upite. Katika harusi ya Ujiji, ambapo jukwaa li ndani ya ukumbi na meza ya taa i mita 20 kutoka hapo, hakuna sababu yoyote ya kutumia hewa ila tamaa ya kuonekana wa kisasa. Hewa ni ya ule umbali mmoja usiopitika, na pande zake zote mbili waya urejee: kutoka meza ya taa hadi chombo cha kutuma kwa waya, na kutoka chombo cha kupokea hadi kila taa kwa waya. Yule anayeweka kipokeo kimoja kimoja katika kila taa, mahali ambapo kimoja tu kingetosha kwa mnyororo mzima, amezidisha milango ya balaa bila ya faida.

Sasa tuivuke hewa yenyewe. Amri za DMX husafirishwa katika mitandao ya kompyuta kwa kanuni mbili zinazojulikana zaidi: Art-Net, iliyobuniwa na Wayne Howell wa kampuni ya Artistic Licence ya Uingereza mwaka 1998, na sACN, iliyotolewa rasmi mwaka 2009. Zote mbili huifunga orodha ile ya thamani 512 katika bahasha moja na kuituma kwenye mtandao. Bahasha ya Art-Net ina baiti 530, kitu kidogo mno kwa mtandao wa leo, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba ruta yoyote ya dukani itaimudu bila ya taabu. Dhana hiyo haikosei kuhusu wingi wa mzigo. Inakosea kuhusu namna unavyopelekwa.

Wi-Fi ina njia mbili za kupeleka ujumbe, na tofauti yake ni ile ya mpiga mbiu na tarishi. Ujumbe uliotumwa kwa wote hutangazwa mara moja tu, na aliyeusikia ameusikia, aliyeukosa ameukosa, kwa maana mpiga mbiu hangoji jibu. Tena, ili hata aliye mbali apate kusikia, hutangazwa kwa mwendo wa polepole kuliko yote, ambao katika ruta nyingi za mkanda wa gigahezi 2.4 ni biti milioni 1 tu kwa sekunde. Ujumbe uliotumwa kwa anwani moja huenda kwa mwendo wa kasi, na mpokeaji hurudisha hati ya kukiri. Isipofika, mtumaji hurudia. Basi tufanye hesabu. Bahasha moja pamoja na vifungashio vyake vya njiani ni kama baiti 600. Kwa mwendo wa polepole hushika hewa milisekunde 5 hivi. Zidisha kwa mara 44, na fungu moja la DMX, yaani orodha moja ya thamani 512, limekula zaidi ya moja ya tano ya kila sekunde. Mafungu manne, ambayo jukwaa la taa nyingi zenye vichwa vya kuzunguka laweza kuyahitaji, yataimeza takriban hewa yote, kabla hata mtazamaji wa kwanza hajaingia. Mzigo ule ule ukitumwa kwa anwani moja hauchukui ila sehemu ndogo mno ya wakati huo, na juu ya hayo una hati ya kukiri. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo fundi hulitazama katika programu ya taa ni sehemu ya kuandika anwani ya kipokeo, aiandike hapo yenyewe, asiache programu itangaze kwa wote. sACN nayo, ambayo kwa desturi yake hutuma kwa kundi, huangukia katika udhia ule ule ikipita katika Wi-Fi, na nyingi katika programu zake zakubali vilevile kuandikiwa anwani moja.

Ikiwa hilo limetengenezwa, alasiri itapita salama. Kisha watu huingia. Mwili wa mwanadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji huyanywa mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo watu elfu chache waliosimama bega kwa bega ni ukuta, nao ni ukuta ambao fundi hakuuona wakati wa majaribio. Juu ya hayo kila simu iliyowashwa Wi-Fi haikai kimya: huuliza uliza kama mitandao inayoifahamu ipo karibu, na baadhi ya wenyewe wamefungua mitandao yao ili kuwagawia marafiki intaneti, na vifaa vya Bluetooth navyo hutumia mkanda uo huo. Mkanda wa 2.4 una chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Wi-Fi imefunzwa adabu ya kungoja mwingine anyamaze ndipo iseme, na adabu hiyo, katikati ya maelfu wanaosema, huwa ni kungoja kusikokwisha. Ndipo mwandaaji humjia fundi mbio, jasho likimtiririka, akasema, "Kaka, mbona mchana zilikuwa zinakwenda vizuri?" Naye fundi hana la kumjibu, ingawa jibu limesimama mbele yao wote wawili likishangilia.

Dawa ya kwanza ni kimo. Mawimbi hayapiti kwa uzi mwembamba ulionyooka. Huhitaji nafasi kuuzunguka uzi huo, na kwa umbali wa mita 60 katika gigahezi 2.4 nafasi hiyo, pale katikati ya njia, hufikia karibu mita 1.4 kila upande. Mtu aliyeinua mikono hufika mita 2 na kitu. Basi antena ya upande wa meza, ambayo aghalabu huachwa juu ya meza yenyewe karibu na chupa za maji, yapaswa kupandishwa juu ya mlingoti hadi mita 4 kutoka ardhini, na ya upande wa jukwaa ifungwe kwa kimo kama hicho, mbele ya vyuma na si nyuma yake, mbali na mabati ya paa, ili hizo mbili zionane macho kwa macho hata uwanja ukijaa. Kama antena zapeleka mawimbi upande mmoja tu, zielekezwe barabara, kwa kuwa antena ya namna hiyo, pamoja na kutia nguvu upande inaoutazama, huziba masikio yake kwa kelele za pande nyingine. Kuongeza nguvu ya kutuma kuna mpaka wake katika kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, nayo si dawa: tatizo la fundi ni kipokeo kushindwa kuisikia amri katikati ya makelele, na simu iliyo jirani na kipokeo hicho itaendelea kusikika vizuri.

Jukwaa likijengwa ufukweni, karibu na maji, lipo jambo lingine la kuangalia. Maji yaliyotulia huakisi mawimbi ya redio, na kipokeo huenda kikapata ishara mbili, moja iliyokuja moja kwa moja na nyingine iliyogonga uso wa ziwa kwanza. Urefu wa wimbi la gigahezi 2.4 ni sentimita 12.5, na kilele cha ishara moja kikiangukia katika bonde la nyingine, hudhoofishana, na kuipandisha au kuishusha antena kidogo tu kwaweza kubadili hali. Ziwa likichafuka jioni kwa upepo, hali hubadilika tena. Kwa sababu hiyo fundi wa ufukweni asiridhike na mahali pamoja alipopata ishara nzuri mchana, bali atafute kimo ambacho hata akikisogeza huku na huku ishara haipungui sana.

Dawa ya pili ni kuuhama mkanda ulioshikwa na kila mtu. Mkanda wa gigahezi 5 una chaneli nyingi zaidi na ishara zake hazifiki mbali sana, ambalo ni heri kwetu, maana na kelele za wengine hazifiki mbali. Lakini baadhi ya chaneli zake zimewekewa sharti la kuipisha rada: ruta ikihisi rada, hata kwa makosa, hulazimika kuiacha chaneli papo hapo, na kabla ya kutuma katika nyingine ya aina hiyo lazima isikilize kimya kwa sekunde 60. Sekunde 60 za kimya katikati ya wimbo ni msiba. Fundi achague chaneli isiyokuwa na sharti hilo, inayoruhusiwa nchini, aifunge hapo kwa mkono, na asiiachie ruta ijichagulie.

Wapo pia waliotengeneza vyombo visivyotumia Wi-Fi kabisa. Kampuni mbili zilizoanzishwa Uswidi, Wireless Solution na LumenRadio, zilitengeneza vyombo vya DMX ambavyo hurukaruka kutoka masafa hadi masafa mengine mara nyingi katika kila sekunde, vikikwepa yale yaliyoshikwa, hata fundi akaviona kana kwamba ni waya tu usioonekana. Asili ya fikra ya kurukaruka ni ya zamani na ya ajabu: mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza yake Marekani mwaka 1942, wakikusudia kumzuia adui asiyapoteze njia makombora ya majini. Kwa hukumu yangu, kundi linalofanya maonyesho ya uwanjani mara kwa mara na lina fedha za kununua chombo kimoja tu cha ziada, linunue jozi ya vyombo vya namna hii kabla ya kununua taa mpya. Lisilokuwa na fedha hizo laweza kufanya kazi ya kuaminika kwa Wi-Fi, maadam limekubali kuitumikia.

Utumishi wenyewe ni wa mambo madogo. Ruta ya taa isiunganishwe na intaneti, wala nywila yake asipewe mtu yeyote asiyegusa taa, hata akiwa ni mgeni wa heshima anayetaka kutuma picha. Kila chombo kipewe anwani ya kudumu, iandikwe kwenye utepe na kubandikwa juu yake, ili usiku asitafutwe mtu anayekumbuka. Upana wa chaneli uwekwe mdogo, megahezi 20, kwa kuwa mzigo ni mdogo na upana mkubwa hukaribisha makelele tu. Kuhusu umeme, Kigoma kwa miaka mingi iliishi kwa majenereta ya dizeli kabla ya kuungwa na gridi ya taifa, na matamasha ya uwanjani bado huendeshwa kwa jenereta. Mashine ya moshi ikianza kupasha joto au spika kubwa zikivuta kwa pamoja, umeme huyumba, na kuyumba kwa nusu sekunde, ambako taa hazikukuona, kwatosha kuizima ruta, ambayo itachukua dakika nzima au zaidi kuamka. Betri ndogo ya akiba upande wa meza na nyingine upande wa jukwaa huondoa balaa hiyo kwa gharama isiyofika bei ya taa moja.

Baada ya yote hayo, ishara yaweza kukatika. Swali lililo kubwa kuliko mengine yote katika fani hii, na ambalo nimeona likiulizwa mara chache kupita kiasi, ni hili: taa itafanya nini itakapokosa amri? Taa nyingi na vipokeo vingi huwa na chaguo la namna tatu katika menyu zao: kushikilia hali ya mwisho, kuzima, au kuwasha mandhari iliyohifadhiwa. Taa iliyowekwa izime itauzamisha umma gizani kwa kila kikohozi cha mtandao. Iliyowekwa ishikilie itabaki ilivyo, na amri zikirejea baada ya sekunde moja hakuna atakayejua ila fundi. Kila taa ya kumulika na iwekwe ishikilie, moja baada ya moja, kwa subira, siku ya kufunga. Mashine ya moshi iwekwe kinyume chake, izime. Ama fataki, ndimi za moto na vyuma vinavyopandisha watu, hivyo visiungwe kamwe katika DMX, iwe ya waya au ya hewani, kwa kuwa kanuni yenyewe haina njia ya kugundua amri iliyoharibika njiani na imeonya dhidi ya matumizi hayo. Hivyo viwe na swichi yake, na mtu wake anayeviona kwa macho.

Mwisho kuna akiba. Katika sACN kila mtumaji huwa na cheo, baina ya 0 na 200, na kisipotajwa huwa 100. Kompyuta ya pili, yenye onyesho lile lile, ikipewa cheo cha 90, itatuma muda wote bila ya kusikilizwa. Ile ya kwanza ikinyamaza kwa sekunde 2.5, kipokeo huihesabu kuwa imekufa na kuanza kuisikiliza ya pili chenyewe. Na kando ya uwanja, nyuma ya watu, ulazwe waya mmoja uliozungushwa njia ndefu, hata kama umeungwa vipande vipande na umeazimwa kwa mafundi watatu, ncha yake moja ikiwa mezani na nyingine ikiwa imefungwa kwenye chuma cha jukwaa kando ya kipokeo, ikining'inia, haijachomekwa. DMX ya kawaida huweza kufika mita 300 kwa kebo iliyo njema, na uwanja hauzidi hapo. Mtu mmoja apewe kazi ya kusimama karibu na ncha hiyo tangu saa 2 usiku hadi mwisho. Aoneshwe mapema plagi ya kung'oa ni ipi na ya kuchomeka ni ipi. Na ishara ya kumwamuru iwe tochi kutoka mezani, si simu, kwa kuwa saa ile simu nazo zitakuwa hazishiki.